Inchi 5 au inchi 6? Kwanza tuulize udongo utakaa upande gani

"Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Goba. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mchicha na matembele, na mipapai michache, kama mita 8 kwa mita 5. Nataka kuizungushia ukuta mfupi wa matofali, kimo cha mita 1 tu, pande tatu, maana upande wa nne ni nyumba yenyewe. Kuku wa watu wananimaliza. Tena mvua ikinyesha udongo wote unateremka kwa jirani wa chini, kwa hiyo upande ule nitajaza udongo kidogo, kama sentimita 60, ili bustani ikae tambarare. Fundi anasema matofali 200 ya inchi 5 ya kusimamisha yanatosha. Shemeji anasema kama si inchi 6 nisijisumbue. Muuza matofali wa hapa karibu ana ya inchi 5 ya bei nafuu sana, yamefyatuliwa juzi ila anasema jua limeshayakausha. Na kuna kijana kaniambia ya matundu ndiyo ya kisasa. Nichukue yapi?"

Shikamoo mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nimekwama kwenye maneno uliyoyapitia haraka kuliko yote: "nitajaza udongo kidogo". Fundi, shemeji na muuzaji wote wamebishana kuhusu inchi, lakini sioni aliyekuuliza habari ya hizo sentimita 60. Nazo ndizo zitakazoamua ukuta wako uwe wa namna gani.

Maana ukitazama vizuri, hujengi ukuta mmoja. Unajenga kuta za aina mbili. Pande mbili za mita 5 kazi yake ni kuzuia kuku. Ule wa chini wa mita 8 utakuwa umebebeshwa udongo mgongoni mchana na usiku, na siku za masika udongo huo utakuwa umelewa maji. Ukuta wa kuzuia kuku unaweza kusamehe makosa mengi. Wa kuzuia udongo hausamehi. Nitafika huko, lakini acha nianzie kwa muuzaji, kwa sababu hapo ndipo pesa yako inapotaka kupotea mapema.

Amesema jua limeyakausha matofali. Hapa mjini maneno hayo husemwa kama sifa, kumbe ni kasoro anayokuambia mwenyewe bila kujua. Saruji haikauki kama kanga kwenye kamba. Inapokutana na maji huanza kazi ya kikemia: chembe za saruji huyachukua maji, na humo huchipuka vijifuwele vidogo mno vinavyoshikana wenyewe kwa wenyewe na kuzikamata punje za mchanga. Kazi hiyo inahitaji maji na siku. Ndiyo maana saruji huganda hata ikiwa chini ya maji, na nguzo za madaraja husimama baharini. Maji yakitoroka mapema, kazi inasimama pale ilipofikia. Tofali litaonekana gumu, utalibeba halitavunjika, lakini ndani chembe nyingi za saruji zimebaki hazijafanya kitu. Umezilipia bure.

Kwa hiyo tofali zuri baada ya kufyatuliwa huwekwa kivulini au hufunikwa kwa viroba au nailoni, kisha humwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa. Siku 14 ni bora zaidi. Likitunzwa hivyo, kwa wiki hiyo moja tofali hupata kama theluthi mbili ya nguvu litakayofikia siku ya 28. Ile namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa saruji, 32.5 au 42.5, nayo ni nguvu inayopimwa siku ya 28. Tofali la juzi lililoanikwa juani halikupewa nafasi hiyo. Ukilimwagilia leo utaliokoa kidogo, lakini huwezi kulirudisha lilikopaswa kuwa.

Jambo la pili ni wingi wa saruji yenyewe. Muulize muuzaji yeyote kwa upole: mfuko mmoja unakutolea matofali mangapi? Wengine watakujibu kwa kujisifu, "arobaini, mama!" Wewe umefundisha, hesabu hii haikushindi. Mfuko wa kilo 50 una lita 35 hivi za saruji. Tofali la inchi 6, lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, ni karibu lita 16. Matofali 40 ni lita 640. Gawanya kwa 35: sehemu moja ya saruji iko ndani ya sehemu 18 za tofali. Na kwa kuwa mchanga ulishindiliwa kabla ya kuwa tofali, mchanga uliopimwa kwa koleo ulikuwa mwingi kuliko hapo. Hilo ni rundo la mchanga lililonyunyiziwa saruji ili lisiaibike.

Uwiano ninaoukubali kwa ukuta kama wako ni sehemu moja ya saruji kwa mchanga sehemu 8, na usivuke 10. Kwa ndoo za lita 20, sehemu 8 ni ndoo 14 kwa mfuko mmoja, na utapata matofali 15 hivi ya inchi 6. Ukienda kwenye 10 utapata 18 au 19. Ya inchi 5 yataongezeka kidogo, kwa kuwa kila moja ni lita 13 tu. Akikuambia 20 ya inchi 6 au 25 ya inchi 5, bado tunaweza kuzungumza. Zaidi ya hapo, aga uende zako.

Bila shaka anaweza kukudanganya idadi. Kwa hiyo usiishie kuuliza. Nenda na msumari wa inchi 4, na umchukue mjukuu mmoja mwenye nguvu. Kwaruza ubavu wa tofali kwa msumari: zuri linakwaruzika kama sakafu ya saruji, unabaki mstari mwembamba, baya linachimbika na mchanga unamwagika. Sugua kona kwa kidole gumba, isimomonyoke. Gonga matofali mawili, yatoe mlio mkavu, si mshindo mzito kama wa gunia la pumba. Omba moja uliangushe kutoka usawa wa goti juu ya ardhi ngumu. Likipasuka vipande viwili vitatu vyenye kingo kali, hakuna tatizo. Likirudi kuwa mchanga, umeshapata jibu, na kama muuzaji amekataa usiangushe hata moja, jibu umelipata vilevile. Kipimo ninachokipenda mimi ni mizani ya kupimia uzito wa watu. Mjukuu apande mikono mitupu, kisha apande na tofali. Tofali zima, yaani lisilo na matundu, la inchi 6 lililoshindiliwa vizuri huwa karibu kilo 30. La kilo 25 lina hewa nyingi ndani kuliko unavyotaka kununua.

Tazama pia mazingira. Panapofyatuliwa matofali pawe na pipa au mpira wa maji unaotumika, na ardhi chini ya matofali mapya iwe imelowa. Ukikuta uwanja umekauka vumbi tupu saa nne asubuhi, huna haja ya kutoa msumari.

Mchanga nao una mambo yake. Ukiwa wa pwani una chumvi, ukuta utatoa unga mweupe kila mwaka na rangi haitakaa. Mafundi wa zamani huweka punje chache ulimini, na sioni aibu kukushauri hivyo hivyo. Ukiwa na udongo mwingi, udongo huo huzivaa punje na saruji haishiki. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo angavu, jaza mchanga hadi katikati, ongeza maji, tikisa sana, iache usiku mzima. Asubuhi utaona mchanga chini na tabaka la tope juu yake. Tope likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, usiutumie.

Sasa tuje kwenye ubishi wa fundi na shemeji. Shemeji ana haki, lakini nusu tu. Ukuta mfupi usio na paa juu yake hauvunjwi na uzito, kwa maana hakuna kinachoukandamiza. Kinachouangusha ni kusukumwa: upepo, mtoto anayepanda, mtu anayeegemea akipiga soga. Kinachouzuia usipinduke ni uzito wake ukizidishwa kwa nusu ya unene wake. Ukiongeza unene, uzito unaongezeka, na ile nusu nayo inaongezeka. Kwa hiyo faida inakwenda kwa mraba. Kutoka inchi 5 kwenda 6 ni 36 gawa kwa 25, yaani ukuta unapata ukaidi wa kama asilimia 44 zaidi. Si haba kwa tofauti ndogo ya bei. Lakini badala ya kulisimamisha kwa upande mwembamba, lilaze tofali lile lile kwa upande wake mpana, unene uwe inchi 9: sasa ni 81 kwa 25, zaidi ya mara 3 ya ukuta wa inchi 5. Hapo ndipo shemeji alipoishia njiani. Swali la "kulaza au kusimamisha" ni kubwa kuliko swali la inchi 5 au 6.

Ukipata safari ya Kilwa Kisiwani, angalia kuta za Husuni Kubwa zilizobaki, za karne ya 14. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ni dhaifu kuliko saruji yetu ya leo. Nondo hazimo. Kinachosimamisha kuta zile ni unene na uzito. Mimi huwa nawaambia vijana wangu kwamba wazee wale hawakuwa na kikokotoo, lakini hakuna aliyewashawishi wajenge kwa inchi 5.

Kwa pande zako mbili za kuku, basi, inchi 6 ya kusimamisha inatosha kabisa, mradi uweke nguzo. Nguzo hapa haina maana ya zege na nondo nne. Kila baada ya mita 2 na nusu fundi alaze tofali moja kukingama, litokeze inchi 12 upande mmoja wa ukuta, na kozi inayofuata, yaani mstari wa matofali wa juu yake, ukuta upite juu ya tofali hilo huku kipande cha tofali kikijaza nyuma. Akiendelea kupishanisha hivyo hadi juu, ukuta umepata mguu wa kuegemea. Kwako ni nguzo moja katikati ya kila upande na moja mwishoni, karibu na nyumba. Kule chini kona yenyewe itafanya kazi ya nguzo. Mwishoni usiunganishe ukuta na nyumba. Acha mwanya wa sentimita 1, kwa sababu nyumba na ukuta wa bustani havitatulia kwa kasi moja, na ukivifunga pamoja nyufa zitachagua zenyewe pa kupita.

Upande wa mita 8 ndio wenye kazi, na hapa naomba tutulie kidogo.

Udongo uliojazwa nyuma ya ukuta haukai kimya kama unavyouona. Kila chembe inataka kuteremka, kwa hiyo unasukuma ukuta kwa pembeni, kidogo karibu na juu na kwa nguvu zaidi kadiri unavyoshuka. Kimo cha udongo kikiongezeka mara 2, nguvu ya kuupindua ukuta huongezeka mara 8. Ndiyo sababu watu hujenga kijiukuta cha sentimita 30 kikakaa miaka, wakapata moyo, wakajenga cha sentimita 60 kwa mtindo ule ule, kikalala. Nimepiga hesabu ya kwako: kwa sentimita 60 za udongo mkavu, ukuta wa inchi 5 wa kusimamisha tayari umezidiwa, unaning'inia kwa ule mchanganyiko wa kujengea peke yake. Wa inchi 6 uko pale pale kwenye ukingo. Wa kulaza una nguvu kama mara 2 ya msukumo. Huo ndio ninaoutaka.

Lakini hesabu hiyo ni ya udongo mkavu, na Goba hakuna ukame wa mwaka mzima. Maji yakijaa nyuma ya ukuta yasipate pa kutokea, msukumo unaongezeka mara 2 hivi, na akiba yote niliyokupa inaliwa. Kuta nyingi za bustani ninazoitwa kuzitazama zimeangushwa na maji, wala si na matofali. Nasema hili nikiwa na kovu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimjengea shangazi yangu Kimara ukuta kama huu, matofali mazuri, msingi mzuri, lipu imenyooka kama kioo. Nikasahau matundu ya maji. Masika ya kwanza ukaanza kuinama, na shangazi akawa anausimulia kila harusi tunayokutana.

Kwa hiyo fundi aweke vipande vya bomba la plastiki la inchi 2 vinavyopenya ukuta, kila baada ya mita moja na nusu, sentimita 10 juu ya ardhi ya upande wa jirani, vikiinamia nje kidogo. Nyuma ya ukuta, kabla ya kujaza udongo, asimamishe tabaka la kokoto lenye upana wa sentimita 20 au 30 kutoka chini hadi karibu na juu, na kati ya kokoto na udongo atandaze kiroba kilichofumwa, kile kinachopitisha maji, ili tope lisiingie likaziba. Udongo wenyewe ujazwe kidogo kidogo na ushindiliwe kwa mkono. Asiingie mtu na rola. Na ujazwe baada ya ukuta kukaa wiki 2 angalau.

Maji hayo yatatokea kwa jirani wa chini. Zungumza naye mapema, na umchimbie mfereji mdogo chini ya ukuta unaopeleka maji barabarani au kwenye mtaro. Anayelalamika leo kuhusu udongo wako hatafurahi kesho akiona mabomba matano yanamtazama. Kabla ya yote hakikisheni pamoja bikoni za mpaka ziko wapi, na msingi wote ukae ndani ya kiwanja chako, siyo juu ya mpaka.

Kuhusu yale ya matundu: kijana hakudanganya, ni matofali mazuri mahali pake. Yanabeba vizuri mzigo wa juu, ni mepesi, yanaokoa saruji. Lakini kwa ukuta wa bustani uzito ni rafiki yako, na tofali tupu limeutupa. Yangefaa upande wa chini kama fundi angepitisha nondo kwenye matundu kutoka kwenye msingi na kuyajaza zege. Hapo ungepata ukuta imara kuliko huu ninaokuchorea, na bili ya kufanana nayo. Kwa mita 8 sioni sababu. Utasikia pia habari za matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakiyahimiza kwa nyumba za gharama nafuu. Nayapenda kwa nyumba yenye paa pana na msingi mkavu. Kuyazika kwenye udongo wa mchicha unaomwagiliwa kila jioni ni kuyaonea. Ukitaka urembo, weka matofali ya maua kozi ya juu kabisa ya zile pande mbili, upepo upite na wewe uone nje. Upande wa udongo, hapana.

Sasa idadi. Nunua aina moja tu, inchi 6 zima, ulimalize jambo. Upande wa mita 8: kozi 4 za kulaza zinakupa sentimita 67, zimeuvuka udongo wako, juu yake kozi moja ya kusimamisha, na kofia ya zege ya sentimita 6 hivi. Hapo umekaribia mita yako. Kozi moja ina matofali 17, kwa hiyo ni 85. Pande mbili za mita 5: kozi 4 za kusimamisha, 11 kila kozi, ni 88. Chini ya ardhi kozi 2 za kulaza kuzunguka pande zote ni kama 77. Nguzo, weka 20. Jumla 270, na ya kuvunjika ongeza hadi 285. Fundi wako aliposema 200 nadhani alihesabu yale yanayoonekana tu, au msingi alikusudia kuufanya wa haraka. Muulize bila ugomvi.

Bei ikikushinda, usishuke ubora. Una njia nyingine: fyatulia matofali nyumbani. Kwa uwiano wa 1 kwa 10 utahitaji mifuko 16 ya saruji na mchanga wa karibu mita 6 za ujazo, pamoja na vijana wawili wenye fomu ya mkono. Linganisha na bei ya kununua 285 hapo kwenu, ukijumlisha usafiri. Faida yake ni kwamba unahesabu ndoo kwa macho yako, na sijui muuzaji atakayemdanganya mwalimu aliyekaa kwenye kiti chake na daftari mkononi. Hasara yake ni maji mengi, uwanja kujaa, na kungoja wiki 4. Wiki hizo usizihurumie. Tofali la saruji husinyaa kidogo linapopoteza maji ya ziada, na likisinyaa likiwa tayari ukutani linakuletea ufa. Limwagilie siku 7 hadi 14, kisha liache lipumzike likiwa limefunikwa lisinyeshewe. Hata hivyo kwenye ule upande wa mita 8 acha mwanya mmoja wa sentimita 1 katikati, wima kuanzia msingi hadi juu, ujazwe kitu laini. Ufa ukitaka kuja, utakuta mlango umeshafunguliwa.

Msingi sitaurefusha. Mtaro wa upana wa sentimita 45, na kina cha sentimita 50 au zaidi, hadi mkute udongo mgumu ambao haujawahi kulimwa. Zege la sentimita 15 chini yake, saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Kwenye mteremko mtaro ukatwe ngazi ngazi, kila ngazi iwe bapa, usifuate mwinamo wa kilima. Mchanganyiko wa kujengea uwe 1 kwa 6. Wengine huongeza saruji hadi 1 kwa 3 wakidhani wanakufadhili, lakini kiungo, yaani mchanganyiko ulio kati ya tofali na tofali, kikiwa kigumu kuliko tofali, ufa utapita kwenye tofali badala ya kwenye kiungo ambacho ungeziba kwa mwiko. Kofia ya juu itokeze kidogo pande zote mbili ili maji ya mvua yadondoke mbali na ukuta.

Ninachokueleza kinafaa kwa kimo ulichotaja. Ukibadili mawazo ukataka kujaza udongo ufike mita 1, acha kila kitu nilichoandika na utafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje asimame hapo. Kumbuka ile mara 8: kutoka sentimita 60 hadi mita 1 msukumo wa kupindua unazidi mara 4 na nusu. Mwite pia kama mtaro ukichimbwa mnakuta mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, au maji yanachuruzika humo wakati hakuna mvua, au shimo la choo lipo ndani ya mita chache, au upande wa chini kuna nyumba ya jirani karibu ambapo watoto wanalala. Na kwa kuwa ukuta uko karibu na mpaka, pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama manispaa inataka kibali. Kuuliza ni kazi ya asubuhi moja.

Ukishapata matofali na mtaro ukachimbwa, usimruhusu fundi amwage zege siku hiyo hiyo. Nitumie kwanza picha ya mtaro ukiwa mtupu, mwiko wake umesimamishwa ndani ili nione kina, na nyingine ya lile tofali uliloliangusha.